Je, Wajua kwa Nini Panya Mnusa Mabomu Alizaliwa Kwenye Chuo cha Kilimo?

Septemba 2020, PDSA, shirika la Uingereza linalowatuza wanyama kwa ushujaa, lilimpa nishani ya dhahabu panya buku aitwaye Magawa. Alikuwa Kambodia tangu 2016, na hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa ameonyesha mabomu 71 ya kutegwa ardhini, mbali na mabaki mengine ya silaha. Picha yake akiwa na nishani kifuani ilizunguka dunia. Mahali alipozaliwa palitajwa juu juu tu: Morogoro, kwenye maabara na viwanja vya mafunzo vilivyomo ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho wengi tunakiita SUA.

Sasa, chuo cha kilimo na mabomu wapi na wapi? Ukiuliza hivyo, jiandae kusikia habari za mahindi kwanza, maana ndiko mambo yalikoanzia.

SUA kilianza mwaka 1965 kama chuo cha stashahada cha kilimo chini ya milima ya Uluguru, baadaye kikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1984 kikasimama chenyewe. Kilipewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani humohumo Aprili ya mwaka huo. Kazi yake ilikuwa wazi: mazao, mifugo, misitu, udongo. Na yeyote anayeshughulika na mazao Morogoro hachelewi kukutana na panya.

Tunayemzungumzia hapa siyo buku. Ni panya shamba, yule mdogo ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Jike lake linaweza kuwa na chuchu hadi 24, na uzao mmoja wa watoto kumi na zaidi haumshangazi mtu. Mkulima akishapanda mahindi, panya huyu huja usiku akafukua mbegu moja baada ya nyingine akifuata mstari, kama vile naye alikuwepo wakati wa kupanda. Mche ukichomoza, anaula. Mkulima anarudia kupanda, na pengine anarudia tena, huku mvua ikimpita. Makadirio ya hasara ya mahindi nchini kutokana na panya huwekwa kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka wa kawaida. Mwaka wa mlipuko, kuna shamba ambalo halivunwi kabisa.

Swali la wakulima lilikuwa rahisi: mbona miaka mingine panya ni wachache, na mwaka mwingine wanafurika? Tangu miaka ya 1980 watafiti wa SUA, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji, walianza kulifuatilia. Njia yao haina mbwembwe. Tangu 1994, kwenye uwanja wa hekta tatu hapo Morogoro, huwekwa mitego 300 isiyoua, mita kumi baina ya mmoja na mwingine, usiku tatu mfululizo kila mwezi. Panya anayenaswa hupimwa uzito, huangaliwa jinsia na hali ya uzazi, hutiwa alama, kisha huachiwa palepale aliponaswa. Mwezi ujao anaweza kunaswa tena. Ni kazi ya umande na matope, inayorudiwa mwezi hadi mwezi, na sidhani kama kuna mwandishi wa habari aliyewahi kuikimbilia. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote chuo hicho kilichonacho kwenye uwanja wa panya, kuliko hata Magawa mwenyewe.

Jibu walilolipata limo kwenye mvua. Morogoro ina vuli, kuanzia Oktoba hivi hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kwa kawaida panya shamba huzaa baada ya masika kushika kasi, nyasi changa na mbegu zikiwa tele. Watoto wa msimu huo hudumaa kipindi chote cha kiangazi, hawakomai hadi masika mengine. Lakini vuli ikija mapema na kwa wingi, majani huchipua kabla ya wakati wake, na wale vijana waliokuwa wamedumaa hukomaa na kuzaa tayari kwenye Januari na Februari. Hapo huongezeka kizazi kimoja kizima ambacho mwaka wa kawaida kisingekuwepo. Masika yanapoingia, wazazi ni wengi kupita kiasi, na mkulima anapopanda anakuwa amewapakulia.

Maana yake ni kwamba mlipuko unaweza kutabirika. Ukiangalia mvua ya Novemba na Desemba, unajua la kutarajia miezi mingi mbele. Hesabu za idadi hizo zilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1997, heshima ambayo panya wa mahindi hakuwahi kuiota. Kwa mkulima funzo la kazi ni jingine: sumu inayomwagwa baada ya mimea kuliwa ni fedha iliyotupwa. Tahadhari inatakiwa kabla ya kupanda, tena na mashamba yote ya jirani kwa pamoja, kwa sababu panya hajui mpaka wa shamba la nani. Walijaribu pia kuwaalika bundi na mwewe kwa kuwawekea nguzo za kutua na viota vya mbao. Huo mpango unapendeza masikioni, lakini shambani ndege hao hawakuweza kuizuia kasi ya kuzaliana. Siku hizi wapo pia wanaojaribu chambo chenye homoni za kuzuia uzazi, yaani uzazi wa mpango kwa panya.

Ukishakuwa na panya wengi mkononi, wamepimwa na wameandikwa, maswali mengine huja yenyewe. Huyu mnyama anabeba nini mwilini?

Afrika Magharibi, panya wa spishi hiyohiyo ndiye mbeba virusi vya homa ya Lassa, ugonjwa unaoua watu. Afrika Mashariki Lassa haipo, ingawa panya wapo kila kona. Katika sampuli zilizokusanywa Morogoro mwaka 2004 walipatikana virusi ndugu wa Lassa, vikatangazwa mwaka 2009 kwa jina la virusi vya Morogoro. Baadaye vikapatikana vingine, vikaitwa Gairo. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachojulikana kuwaletea watu ugonjwa, na hilo huwapa watafiti nafasi nzuri ya kusoma tabia za familia hiyo ya virusi bila kuhatarisha maisha. Jambo la kushangaza lilijitokeza kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Koo mbili za panya shamba hukutana huko, ukoo mmoja una virusi vyake na mwingine una vyake. Panya wa koo hizo huchangamana na hata kuzaliana, lakini virusi haviendi mbali kuvuka mpaka huo. Ni kidokezo kikubwa kwa anayejiuliza kwa nini Lassa imebaki upande mmoja wa bara.

Kisha kuna tauni. Kuanzia 1980 ugonjwa huo ulisumbua vijiji vya Lushoto, milima ya Usambara Magharibi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kitendawili kilikuwa hiki: kijiji kimoja kinapata wagonjwa mwaka baada ya mwaka, jirani yake hakipati hata mmoja, panya na viroboto wapo kote. Ilibidi waingie watu wa udongo. Ndiyo, wataalamu wa udongo wa SUA walipanda Lushoto kuchora ramani za miteremko, aina za udongo na matumizi ya ardhi, kuona tauni inapendelea wapi. Ukitazama orodha ya machapisho ya chuo bila kujua historia hii, utakuta profesa wa udongo kwenye makala ya ugonjwa wa viroboto na utadhani kuna makosa ya uchapaji.

Na buku je? Miaka ya 1990, Mbelgiji Bart Weetjens, ambaye utotoni alifuga panya nyumbani, alipata wazo kwamba pua ya panya inaweza kutafuta mabomu kwenye nchi maskini kwa gharama nafuu. Ron Verhagen wa Antwerp, mtaalamu wa wanyama hao, alimshauri achague buku: mnyama wa Afrika, mpole akizoeshwa, na anayeishi hadi miaka minane hivi, kwa hiyo gharama ya kumfundisha inarudi. Antwerp ilishakuwa na mizizi Morogoro kwa sababu ya wale panya wa mahindi. Shirika lake la kufundisha panya hao, APOPO, likaanza Ubelgiji mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamia SUA. Panya mharibifu ndiye aliyemfungulia njia panya shujaa.

Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Mtoto wa buku huzoeshwa watu na kelele, kisha hufundishwa kuwa mlio fulani mfupi ni ahadi ya ndizi au karanga. Baadaye mlio huo hauji mpaka atambue harufu ya TNT, kilipuzi kinachotiwa kwenye mabomu. Mwisho hupelekwa uwanjani, palipofukiwa mabomu yaliyokwisha kuharibiwa nguvu, akiwa kwenye kamba. Akinusa, anakwaruza ardhi. Uzito wake hautoshi kulipua bomu, na tofauti na mashine ya kutafuta chuma, yeye hababaishwi na misumari wala vifuniko vya chupa. Walianza kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu ya ardhini mwaka 2015. Rekodi ya Magawa nayo ilishapitwa: mwaka 2025 buku mwingine mzaliwa wa Tanzania, Ronin, aliingia kwenye vitabu vya Guinness kwa mabomu 109 huko Kambodia.

Pua hiyohiyo iligeuzwa kwenye kifua kikuu. Bakteria wa TB hutoa harufu yao, na buku huweza kupita kwenye sampuli mia za makohozi kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye hadubini huichukulia siku kadhaa. Utaratibu wenyewe unahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu mitaani unasimuliwa vibaya: panya hampi mtu majibu. Anapewa sampuli ambazo kliniki imeshazipima, zikiwa zimechemshwa kuua vijidudu. Ile ambayo kliniki ilisema haina TB lakini panya akasita juu yake kuashiria kuwa inayo, hupimwa upya na binadamu maabara. Ikithibitika, mgonjwa hutafutwa. Kwa njia hiyo APOPO husema wagonjwa wanaogunduliwa kwenye kliniki shirikishi huongezeka kwa takriban asilimia 40. Hao ni watu waliokuwa wamesharudi nyumbani na karatasi ya kuwaambia wako salama.

Nimeandika mengi ya panya kwa sababu ndipo mnyororo unapoonekana, lakini haki ya chuo haiishii hapo. Wazalishaji wa mbegu wa SUA walitoa maharage ya SUA 90 mwaka 1990 na Rojo mwaka 1997, na katika kuchagua waliangalia magonjwa na mavuno, lakini pia muda wa kuiva jikoni, kwani harage linalomaliza mkaa halina soko. Upande wa mifugo na magonjwa, mtandao wa SACIDS wenye makao chuoni hapo umewaweka meza moja madaktari wa watu na wa wanyama wa nchi kadhaa za kusini na mashariki mwa Afrika. Watu wa misitu wamekata miti ya miombo, wakang'oa na mizizi, wakapima uzito kipande kwa kipande ili kupata kanuni za kukadiria kaboni ya mti uliosimama kwa kupima unene na urefu wake tu. Kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kimewekwa hapo SUA.

Lipo la kulalamikia. Sehemu kubwa ya fedha za kazi hizi hutoka nje, na anayelipa mpiga zumari ana sauti kwenye wimbo. Mitego 300 ya kila mwezi imedumu kwa sababu watu wachache, wa Morogoro na Antwerp, walikataa kuiacha. Hakuna mfadhili anayependa mradi usio na tarehe ya mwisho. Huku vijijini, utabiri wa milipuko ya panya ungekuwa na faida zaidi kama tangazo lingemfikia mkulima Januari, kwa redio au kwa bwana shamba, kabla hajanunua mbegu.

Mwaka 2024 timu ya Morogoro ilichapisha jaribio jipya. Buku walifundishwa kutambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mbao za mpingo, hata vikifichwa kati ya kahawa, nywele bandia au sabuni. Wamevalishwa vizibao vyekundu vyenye kijipira kifuani. Wakinusa magendo, wanakivuta na kengele inalia. Wameshajaribiwa kwenye bandari ya Dar es Salaam.