Nyama ya mawindo ya leo nayo ina vimelea

Wawindaji wengi huamini kwamba mnyama aliyeangushwa asubuhi anaweza kubanikwa mchana na kuliwa nusu mbichi, kwa kuwa nyama bado ni mpya. Upya wa nyama huonyesha tu kwamba haijaanza kuoza. Mabuu ya minyoo ya Trichinella hukaa ndani ya misuli ya nguruwe mwitu na dubu wangali hai, na kwa macho huwezi kuyaona.

Moshi hauyaui, wala chumvi ya kunyunyiza juu. Miali mikubwa nayo hudanganya: nje panaungua, ukikata karibu na mfupa bado pana damu. Ngoja kuni ziwe makaa, kata vipande vyembamba, upike mpaka katikati pafikie nyuzi 71 za Selsiasi. Kipimajoto kidogo cha nyama kinaenea mfukoni, sijui kwa nini watu hukidharau. Rangi pekee haitoshi.

Na kisu kilichopasua utumbo kwa bahati mbaya? Kimeshabeba bakteria wa kinyesi. Kioshwe kwa sabuni na maji safi kabla hakijagusa minofu.