Karantini sio ya mgonjwa

Hili neno karantini tunalitumia kila siku ila wengi tunalitumia kombo, ukisikia fulani yuko karantini basi mtaa mzima unajua anaumwa na hata kupita karibu na dirisha lake watu wanaogopa. Sisi wa afya ya jamii hili linatuumiza sana, maana ndo linalofanya watu wajifiche.

Karantini ni ya mtu MZIMA. Yaani hana dalili yoyote ila alikutana na mgonjwa au katoka kwenye mlipuko, anakaa pembeni tuone kama ugonjwa utajitokeza. Akishaugua hapo sio karantini tena, huko ni kutengwa kwa ajili ya matibabu, na ukiwaweka hao wawili chumba kimoja umemwambukiza ambaye pengine hakuwa na kitu kabisa.

Waingereza neno lao quarantine asili yake ni Venice, mji wa Italia, kule quarantena ni siku arobaini. Ila mwanzo zilikuwa 30, mwaka 1377 mji wa Ragusa, ndo Dubrovnik ya leo huko Kroatia, uliamuru anayetoka kwenye tauni akae mwezi mzima nje ya mji kwanza. Na hao wa Venice vijidudu hawakuvijua lakini tofauti waliielewa, 1423 walitenga kisiwa cha wagonjwa wa tauni, halafu 1468 wakatenga kingine cha meli na watu wanaoshukiwa tu. Visiwa viwili!

Siku hizi arobaini hatuzifuati, tunaangalia ugonjwa unajificha mwilini muda gani kabla ya dalili. Ebola ni mpaka siku 21, korona ilipoanza zilikuwa 14, na zinahesabiwa tangu mara ya mwisho ulipokutana na mgonjwa sio siku uliyopigiwa simu. Ndo maana ukipima siku ya pili ukaonekana huna bado utaambiwa kaa, virusi vinaweza kuwa vichache mno kipimo hakivioni.

Hata kompyuta, programu ya kuzuia virusi ikilitilia faili shaka inaliweka karantini, haijalifuta. Na wale wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 walikaa karantini siku 21 tangu waondoke mwezini, wazima kabisa, Rais Nixon akaenda kuwapongeza akiwa nje na wao wako ndani, wanaongea naye kupitia dirisha.