Joto Ndilo Linalokula Umeme: Pa Kuanzia Unapotaka Kupunguza Matumizi ya Nishati Nyumbani

Mtu anapolalamika kwamba umeme unakwisha haraka, mara nyingi lawama ya kwanza humwangukia aliyesahau kuzima taa. Kuzima taa ni tabia njema na hakuna mtaalamu wa nishati atakayeipinga. Hata hivyo, tangu balbu za LED zienee, taa si mlaji mkubwa tena katika nyumba nyingi, na familia inayoelekeza juhudi zake zote huko inaweza kukaa gizani mwezi mzima bila kuona tofauti ya maana kwenye mita. Mlaji mkubwa ni joto: kupasha maji, kupika, kupiga pasi, kukausha nguo kwa mashine, pamoja na kazi iliyo kinyume cha hizo, yaani kuliondoa joto ndani ya friji au ndani ya chumba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mita huhesabu uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja, ambayo ni nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kinapofanya kazi kwa saa 1. Balbu ya LED ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo imalize uniti hiyo, ilhali hita ya wati 2,000 itaimaliza kwa nusu saa. Tuchukue maji ya kuoga. Kupandisha joto la lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji takribani kilojuli 4.2, na uniti moja ina kilojuli 3,600. Kwa hiyo kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunagharimu takribani uniti 2.3, kabla hatujahesabu joto linalopotea kwenye tangi na mabomba. Umeme huo ungeiwasha ile balbu ya wati 10 kwa zaidi ya siku 9, usiku na mchana bila kuzimwa. Ndiyo maana katika ushauri wetu tunaanzia bafuni, wala si sebuleni.

Bafuni, hatua yenye faida kubwa ni kutumia maji ya moto machache zaidi, kwa kufupisha muda wa kuoga na kufunga bomba la mvua lenye matundu madogo linalotoa maji kidogo kwa nguvu ileile. Tangi la maji ya moto na mabomba yanayotoka humo yafunikwe kwa kihami joto, yaani kitu kinachozuia joto lisitoke, hasa pale tangi linapokuwa mbali na bafu, kwa sababu kila bomba linapofungwa, maji ya moto yaliyobaki njiani hupoa bure. Themostati ya tangi, yaani kidhibiti cha joto lake, haina haja ya kuwekwa juu ya nyuzi 60. Wapo wanaoishusha chini sana wakitafuta kuokoa zaidi, na hapo tunawaonya: maji yanayokaa tangini yakiwa vuguvugu ni mazalia ya bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hivyo nyuzi 60 zibaki kuwa kiwango cha kuhifadhia, na maji yachanganywe na ya baridi wakati wa kuoga ili yasiunguze. Penye jua la kutosha, mtambo wa kupasha maji kwa jua huondoa sehemu kubwa ya mzigo huu.

Jikoni kanuni ni hiyohiyo. Sufuria ifunikwe, maji yapimwe kulingana na mahitaji badala ya kujaza birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja, na moto upunguzwe mara chakula kinapoanza kuchemka, kwa maana maji yanayotokota kwa fujo hayana joto zaidi ya yale yanayotokota taratibu. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Vyakula vigumu kuiva viloweshwe kwanza, kisha vipikwe kwa sufuria ya presha, ambayo hufikisha maji karibu nyuzi 120 na hivyo kufupisha sana muda wa kupika.

Friji ni kifaa cha pekee kwa kuwa hakilali. Kompresa yake, yaani mashine inayoendesha upoezaji, huwaka na kuzima yenyewe, na kila joto linapopenya ndani hulazimika kulitoa upya. Nyuzi 4 zinatosha kwa sehemu ya kawaida na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sehemu ya kugandishia. Mpira wa mlango ujaribiwe kwa kubana karatasi kati ya mlango na fremu: ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka. Friji iachiwe nafasi nyuma ili hewa ipite, isiwekwe karibu na jiko wala juani, na chakula cha moto kiachwe kipoe kidogo kabla ya kuingizwa. Kuna anayeacha mlango wa friji wazi akidhani atakipoza chumba; anafanya kinyume, kwa sababu joto lote linalotolewa ndani ya friji hutokea nyuma yake, likiongezewa na joto la kompresa yenyewe.

Kosa linalofanana na hilo ni kuiacha feni ikizunguka katika chumba kisicho na mtu. Feni haishushi joto la chumba. Humpoza mtu kwa kuharakisha ukaukaji wa jasho kwenye ngozi yake, na akitoka inabaki kuzungusha hewa ileile huku mota yake ikiongeza joto kidogo. Mtu akiwepo, hata hivyo, feni ya wati 60 inayomruhusu kukipandisha kiyoyozi nyuzi mbili tatu ni biashara nzuri. Kichujio cha kiyoyozi kisafishwe mara kwa mara, maana vumbi huzuia hewa na kuichosha mashine.

Kabla ya kununua kiyoyozi kikubwa zaidi, nyumba yenyewe ichunguzwe. Mahali pa joto, paa lisilo na dari humimina joto la jua ndani mchana kutwa. Dari yenye kihami joto juu yake, rangi nyeupe juu ya paa, na kivuli nje ya madirisha yanayotazama jua la asubuhi na la jioni hufanya kazi bila kula umeme. Kivuli kiwe nje, kwa kuwa pazia la ndani hulipokea joto likiwa limekwisha kupita kiooni. Mahali pa baridi, adui ni nyufa: kijiti cha udi kikipitishwa kandokando ya milango na madirisha siku ya upepo, moshi utakaoyumba utaonyesha pa kuziba. Lakini nyumba yenye jiko la mkaa, kuni au gesi isizibwe mpaka ikakosa hewa, kwani kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na huua.

Kuhusu taa inatosha kusema kwamba balbu ya zamani ya wayamoto hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, hivyo kama bado inawaka mahali, iondolewe. Vifaa vilivyozimwa kwa rimoti navyo huendelea kula kidogo. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa wati 0.5 kwa vifaa vingi vipya tangu 2013, ila dikoda na vifaa vikuukuu vinaweza kuzidi hapo.

Anayetaka kujua ya kwake badala ya kuamini ya kuambiwa aitumie mita. Azime kila kitu, pamoja na friji kwa muda mfupi, kisha aitazame taa ndogo ya mita inayomwekamweka. Ikiendelea, kuna kifaa kilichosahaulika au hitilafu inayomhitaji fundi. Baada ya hapo awashe kifaa kimoja kimoja na kuhesabu: kwenye mita iliyoandikwa 1,000 imp/kWh, yaani mimweko 1,000 kwa kila uniti, kila mmweko ni wati-saa 1, hivyo mimweko 20 kwa dakika 1 ni sawa na wati 1,200. Zoezi hili ni la lazima kwa anayepanga kununua paneli za jua, na kwa maoni yetu lifanyike kabla ya kumwita muuzaji, kwa sababu hita moja ya wati 2,000 iliyoachwa kwenye orodha ya mahitaji inatosha kumfanya anunue betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani) kubwa kuliko zile ambazo vifaa vyake vingine vyote vingezihitaji.