Si vidole vyako vizito, ni sauti inayochelewa

Wengi wakishindwa mchezo wa mdundo kwenye simu, ule wa kugusa skrini kwa kufuata mapigo ya wimbo, hujilaumu: vidole vizito, sikio halina muziki. Wengine huulaumu mchezo wenyewe, wanaufuta siku hiyohiyo. Mara nyingi kosa haliko kwa yeyote kati yao. Sauti imechelewa njiani.

Chukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika. Kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 500. Visikizio vya bluetooth huweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 200 hivi, yaani karibu nusu ya pigo! Wewe unagusa skrini pale unaposikia ngoma, tena kwa usahihi kabisa, lakini mchezo ulishapita hapo. Na alama ya juu kwa kawaida hutolewa ukikosea kwa milisekunde chache tu, makumi, si mamia.

Ndiyo maana michezo mizuri, Arcaea ukiwemo, ina sehemu kwenye mipangilio ya kusogeza sauti mbele au nyuma hadi ilingane na kidole chako. Anzia hapo, au chomeka visikizio vya waya, kabla hujakata tamaa.

Ukishalinganisha, ndipo unaweza kuuhukumu mchezo kwa haki. Kwangu kipimo ni kimoja: je, vitufe vya kugusa vinavyotokea kwenye skrini vinafuata ngoma na sauti ya mwimbaji, au vimemwagwa tu ili viwe vingi? Vikiwa vimemwagwa ovyo, hata wimbo unaoupenda utakuchosha.