Je, wajua kwa nini bingwa wa kwanza wa dunia wa sataranji aliacha kushambulia?

Jibu fupi ni kwamba hakuacha. Wilhelm Steinitz alishambulia mpaka uzeeni, na mchezo wake unaopendwa kuliko yote ni shambulio alilolifanya akiwa na miaka 59. Alichokitupa ni imani iliyotawala vilabu na mikahawa ya sataranji ya Ulaya katika karne ya 19, kwamba shambulio hufaulu kwa sababu anayeshambulia ana kipaji na ujasiri. Yeye aliuliza swali ambalo wenzake hawakuwa wakilitilia maanani: hali ya ubao yenyewe inaruhusu shambulio, au hairuhusu?

Simulizi inayorudiwa mara nyingi husema hivi. Zamani kulikuwa na mashujaa waliotoa kafara malkia na ngome zao ili kumfunga mfalme wa mpinzani. Kisha akaja Steinitz, mzee mwenye ndevu nyingi na mguu mbovu, akafundisha ulinzi na kuvizia, na raha ya mchezo ikaisha. Ni simulizi tamu, lakini ina kasoro karibu kila hatua, na kasoro hizo ndizo zinazoficha alichokigundua.

Tuanze na hao mashujaa. Steinitz alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Prague mwaka 1836 katika familia ya Kiyahudi, baba yake akiwa fundi cherehani, akaenda Vienna kusoma hisabati, masomo ambayo hakuyamaliza kwa sababu sataranji ilimteka. Mwaka 1861 alishinda ubingwa wa jiji la Vienna kwa pointi 30 kati ya 31. Watu wakamwita Morphy wa Austria, wakimfananisha na Paul Morphy, kijana wa New Orleans aliyekuwa ametoka kuwapiga wakali wa Ulaya kwa mashambulizi ya kuduwaza. Mwaka uliofuata alikwenda London kwenye mashindano makubwa, akamaliza wa sita, lakini mchezo wake dhidi ya Augustus Mongredien ulitunukiwa zawadi ya uzuri. Alibaki Uingereza akiishi kwa sataranji. Mwaka 1866 akakutana na Adolf Anderssen wa Ujerumani, mfalme wa mashambulizi wa zama zile, akamshinda michezo 8 kwa 6. Hakukuwa na sare hata moja. Watu wawili wanaovizia hawamalizi michezo 14 bila sare.

Kwa hiyo aliyebadilika mwaka 1873 alikuwa mshambuliaji aliyekwisha kufika kileleni. Kwenye mashindano ya Vienna ya mwaka huo alicheza kwa namna iliyowashangaza wengi. Alijenga taratibu, akakubali kusukumwa nyuma pale ambapo kusukumwa hakukumdhuru, akaokota manufaa madogo ambayo watazamaji hawakuyaona. Alimaliza kwa kushinda michezo 16 mfululizo, miwili ya mwisho ikiwa ya kuamua nani achukue nafasi ya kwanza kati yake na Joseph Blackburne. Mwaka 1876 alipambana tena na Blackburne, mshambuliaji hatari wa Uingereza, akamshinda 7 kwa 0. Ukijumlisha na michezo yake miwili ya mwanzo kwenye mashindano ya Vienna ya 1882, unapata ushindi 25 mfululizo dhidi ya watu wa daraja la juu kabisa. Mimi sichoki kuirudia namba hiyo.

Pamoja na matokeo hayo, wapo waliouita uchezaji wake wa kioga. Steinitz, ambaye hakuwa mtu wa kumeza tusi, alijibu kwa kalamu kwa miaka mingi, kwanza katika safu yake kwenye gazeti la The Field la London, baadaye katika jarida lake mwenyewe huko Marekani. Ubishi ulikuwa mkali, mara nyingine wa matusi, na ndani yake ndimo alimofafanua wazo lake.

Wazo lenyewe ni hili. Mchezo unapoanza, majeshi mawili yako sawa. Pande zote mbili zikicheza vizuri, mizani inabaki hapohapo. Basi anayeshambulia wakati mizani iko sawa hana haki ya kufaulu, hata awe na kipaji gani, na akifaulu maana yake mpinzani amekosea mahali. Michezo mingi ya kishujaa ya zama zile ilishinda kwa njia hiyo. Mmoja alitoa kafara, mwenzake akaipokea kwa desturi, akajilinda vibaya kwa sababu ulinzi haukuwa ukifundishwa wala kuheshimiwa, na sifa zote zikaenda kwa aliyetoa kafara. Steinitz aliichambua michezo ya aina hii kwa uvumilivu wa mwanahisabati, akaonyesha pale ambapo mlinzi angeweza kuponyoka.

Sasa, kama shambulio linahitaji mizani iwe imekwisha kuegemea upande wako, utaiegemezaje bila kushambulia? Hapa ndipo yalipo mapinduzi yake. Mizani huegemezwa kwa vitu vidogo vinavyodumu: mraba ambao askari wa mpinzani hawawezi tena kuulinda, safu iliyo wazi ambayo ngome yako imeishika, maaskofu wawili dhidi ya askofu na farasi, mfalme aliyekosa makao. Hakuna kimoja kati ya hivi kinachoshinda mchezo chenyewe, lakini vinajumlishika.

Mchezaji wa bao la kiswahili atalielewa hili kuliko wengi, kwa sababu ya ile nyumba, shimo la akiba. Kete huongezeka ndani ya shimo lile mzunguko baada ya mzunguko, na kete moja zaidi haibadilishi chochote machoni pa mtazamaji. Mwenye nyumba ndiye anayepima. Akiifungua mapema, kete zinakwenda hatua chache, ya mwisho inaangukia shimo tupu, amelala, yaani zamu yake imekwisha, na akiba imetawanyika. Akiifungua kwa wakati wake, kete zinazunguka ubao na kula shimo baada ya shimo kwa zamu moja. Lakini akiing'ang'ania kupita kiasi kwa kuionea fahari, mpinzani anaangusha kete kwenye shimo linaloikabili na kuila yote. Hukumu zote tatu zimo katika mafundisho ya Steinitz: usishambulie kabla hujakusanya, ukikusanya, shambulio litakuwepo, na ukiwa na manufaa halafu usishambulie, manufaa hayo yatayeyuka.

Hilo la tatu ndilo linaloachwa nje kila anapoitwa mlinzi. Katika fundisho lake, mwenye manufaa ana wajibu wa kushambulia.

Mfano ulio wazi unatoka mwaka 1886, kwenye pambano lake na Johannes Zukertort. Hilo ndilo la kwanza kuchezwa kwa makubaliano kwamba mshindi ni bingwa wa dunia, ingawa wapo wanaohesabu ubingwa wa Steinitz tangu alipomshinda Anderssen miaka 20 kabla. Lilianza New York mwezi wa Januari, na baada ya michezo 5 ya huko Zukertort aliongoza 4 kwa 1. Wakahamia St. Louis, Steinitz akashinda mitatu na kutoa sare mmoja. Wakamalizia New Orleans, na hesabu ya mwisho ikawa ushindi 10 kwa 5, sare 5.

Katika mchezo wa 9, uliochezwa St. Louis, Steinitz alikuwa na kete nyeusi. Mapema tu alimwachia Zukertort askari wa kati asiye na askari mwenzake katika safu za jirani. Askari wa namna hiyo halindwi na askari mwingine, kwa hiyo kete kubwa ndizo zinazolazimika kumlinda, na kete kubwa iliyogeuzwa mlinzi wa askari imepunguzwa cheo. Baadaye Zukertort alimpatia mwenzi wa kumsaidia, lakini hata hao wawili hawakuweza kusonga mbele kwa usalama. Steinitz akapanga ngome zake kuwakabili. Zukertort alipoona amebanwa, alipeleka ngome yake upande wa mfalme kutafuta shambulio la kujinasua. Lilikuwa shambulio la zama za kale, lililoanzishwa kwa sababu mwenyewe alilihitaji, ilhali ubao ulikuwa haujaliruhusu. Kwenye mwendo wa 38 yote yalikwisha.

Mfano wa pili ni ule mchezo wa uzeeni. Hastings, Uingereza, Agosti 1895, dhidi ya Curt von Bardeleben wa Ujerumani. Kwanza Steinitz alihakikisha kitu kimoja tu, kwamba mfalme mweusi haondoki katikati ya ubao. Hayo ndiyo manufaa aliyokuwa nayo, wala hayakuwa makubwa. Kisha akamtoa askari mmoja kafara ili farasi wake apate mraba wa kupitia. Mwendo wa 22 ngome yake ikatua ubavuni mwa mfalme adui, ikimtishia, huku Weusi wakishindwa kuila kwa mfalme wala kwa malkia bila kuangamia. Ikabaki inatembea miongoni mwa adui, mwendo baada ya mwendo, na kila kete ya Steinitz ikionekana kama iko hatarini. Von Bardeleben aliinuka, akatoka ukumbini bila kusema neno, akaacha saa imalize muda wake. Steinitz akawaonyesha waliokuwepo jinsi mfalme angefungwa kwa miendo 10. Sijui mchezo mwingine unaolijibu vizuri zaidi lile dai la uoga.

Inafaa kuwa waangalifu kidogo kuhusu nani alibuni nini. Philidor wa Ufaransa alikwisha kufundisha thamani ya askari katika karne ya 18, na Louis Paulsen, Mjerumani wa rika la Steinitz, alijilinda kwa ustadi kabla nadharia haijaandikwa. Isitoshe, maelezo yaliyopangika zaidi ya nadharia hii yalitoka kwa Emanuel Lasker, kijana wa miaka 25 aliyempokonya Steinitz taji mwaka 1894 kwa ushindi 10 dhidi ya 5. Lasker alikuwa mwanahisabati na alipenda falsafa, hivyo baadhi ya umaridadi tunaousoma leo huenda ni wake. Matokeo ya 1873 na 1876, hata hivyo, ni ya Steinitz peke yake.

Kuhusu mwisho wake, hadithi inayosambaa sana ni kwamba alidai kucheza sataranji na Mungu na kumpa nafuu ya askari mmoja. Hakuna ushahidi wa kuaminika wa wakati ule unaoiunga mkono. Kinachojulikana kinatosha kuhuzunisha: baada ya kushindwa tena na Lasker huko Moscow mwaka 1896 na 1897 alipatwa na maradhi ya akili, akalazwa, akapona, akacheza tena. Alifariki dunia New York tarehe 12 Agosti 1900 akiwa maskini.

Wala hakuwa sahihi kila mara. Aliamini mfalme ni kete yenye nguvu inayoweza kujitunza, akaibeba imani hiyo hadi kwenye ufunguzi unaoitwa kwa jina lake, ambamo kwenye mwendo wa tano tu Weupe wanampeleka mfalme hatua moja mbele, katikati ya ubao uliojaa kete, baada ya malkia mweusi kumtishia. Alishinda nao michezo kadhaa. Mwaka 1890 na 1891 alicheza michezo miwili kwa telegrafu dhidi ya Mikhail Chigorin wa Urusi, akiwa ameng'ang'ania miendo migumu kwa ajili ya kuthibitisha hoja, akapoteza yote miwili.

Programu za kompyuta zimeuthibitisha msingi wake kwa kiasi kikubwa. Stockfish, mojawapo ya zenye nguvu zaidi, hadi mwaka 2020 iliupima ubao kwa kujumlisha vitu vidogovidogo vya aina ileile aliyoiorodhesha: askari aliyetengwa alikatwa alama, maaskofu wawili wakaongezwa. Kuhusu mfalme wa mwendo wa tano, programu hizo zinasema Weusi ndio wenye nafasi nzuri zaidi.