Je, wajua kwa nini mkulima wa Java anaweza kuuza nyumba na kubaki na kiwanja?

Katika Kiswahili cha mahakamani na cha benki kuna maneno "mali isiyohamishika", na ukiomba mfano utatajiwa nyumba kabla ya kitu kingine chochote. Ng'ombe huswagwa, baiskeli husukumwa, nyumba hukaa pale ilipojengwa. Lakini katika vijiji vya wakulima wa mpunga vya Java ya Kati, nchini Indonesia, mzee anaweza kuuza nyumba aliyozaliwa na asiuze ardhi yake hata hatua moja. Mnunuzi huja na mafundi, huishusha nyumba kigae kwa kigae, hupakia nguzo na boriti kwenye lori na kuondoka nayo. Kiwanja kinabaki cha mzee, pamoja na mnazi na kisima chake.

Kwa muda mrefu nilidhani najua sababu. Nilikuwa nimeona video za wanakijiji wa Java, wanaume makumi kwa makumi, wameingia chini ya nyumba nzima na kuiinua mabegani, wanaivusha barabara huku mmoja wao akihesabu hatua kwa sauti. Nikajijibu kwamba ni kibanda cha mianzi, chepesi, cha mtu asiye na uwezo wa kujenga nyumba ya kudumu. Nikawaeleza na wengine hivyo. Maelezo hayo ni potofu karibu yote, na ni vyema niyafumue kabla ya kufika kwenye jibu, maana nimeyasikia pia kwa watu wengi waliotazama video hizohizo.

Tuanze na uzito. Nyumba zinazosafirishwa mbali zaidi Java ndizo nzito kuliko zote. Wajava huzitambua nyumba zao za jadi kwa umbo la paa. Ya kawaida ni kampung, yenye paa la mikono miwili, yaani linaloteremka pande mbili. Juu yake kwa hadhi ni limasan, yenye mikono minne. Ya juu kabisa kwa makazi ni joglo, ambayo paa lake huinuka ghafla katikati kama kofia, na zamani ilikuwa nyumba ya watu wa ukoo bora, viongozi wa kijiji na wenye mali. Joglo nzuri hujengwa kwa jati, mti ambao sisi tunauita mtiki au msaji. Ni mti mzito, wenye mafuta yake ya asili, na mchwa hawaupendi. Mwenye nyumba kama hiyo hakuwa maskini hata kidogo.

Mianzi ilikuwapo, tena kwa wingi, na hapo nilikuwa na chembe ya ukweli. Tauni ilipozuka Malang, Java Mashariki, mwaka 1911, panya walikutwa wametengeneza viota ndani ya uwazi wa mianzi na kwenye nyasi za paa. Serikali ya kikoloni ya Kidachi ikaanza kulazimisha nyumba zibadilishwe, nyasi zitoke, vigae vya udongo viwekwe, na mianzi mizima iondolewe mahali panya wanapoweza kujificha. Kufikia 1942 zaidi ya nyumba milioni 1.5 zilikuwa zimefanyiwa kazi hiyo. Kwa hiyo paa la vigae tunaloliona leo kama alama ya kijiji cha Java, katika sehemu nyingi lina umri wa karne moja tu, na limekuja kwa sababu ya panya.

Kosa la pili lilikuwa kudhani nyumba inahama kwa kuwa watu wake ni wahamaji. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 151 na zaidi kwenye kisiwa cha Java, na kisiwa chenyewe ni kama sehemu moja ya saba ya Tanzania. Watu hawajabanana namna hiyo kwa kuhamahama. Wamebanana kwa kilimo cha mpunga wa maji, ambacho humfunga mtu kwenye jaruba, kwenye mfereji na kwenye zamu ya maji. Nyumba inaweza kwenda, shamba haliendi.

La tatu ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa karibu yangu. Nilidhani kutenganisha nyumba na ardhi ni ajabu ya Waasia. Kumbe Mombasa watu wameishi kwa mtindo wa "nyumba bila ardhi" kwa vizazi, mwenye kiwanja huyu, mwenye nyumba yule, na kodi ya kiwanja inalipwa kila mwezi. Unguja, wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya namna hiyohiyo mwaka 1928, na hadi leo mkarafuu au mnazi unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi. Tofauti ni kwamba nyumba ya udongo na fito ikitengana na ardhi, inatengana kwa haki tu. Mwenye kiwanja akikuondoa, utachukua mabati na mlango, kuta zitabaki. Ya Java inaondoka yote.

Inaondokaje? Hapo hapahitaji zaidi ya kitanda cha kamba.

Kitazame kitanda cha mwambao, kile cha bibi. Kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja mchagoni na kimoja miguuni. Ncha ya kila mfumbati imechongwa ulimi, na kwenye tendegu limetobolewa tundu la kupokea ulimi huo. Hakuna msumari. Kinachokishika kitanda kisisambaratike ni kamba. Inavuta mfumbati kuelekea mfumbati, na mvuto huo ndio unaozibana ndimi ndani ya matundu. Mtu akilala, kamba inavutika zaidi na kitanda kinakaza zaidi. Siku ya kuhama unatoa kamba, unagonga polepole kwa ubao, na kitanda kinageuka vipande vinane vya kubeba kwapani.

Sasa kikuze kitanda hicho mpaka watu wapite chini yake. Matendegu manne ndiyo soko guru, nguzo nne kuu za katikati ya joglo. Mifumbati na vitakizo ni boriti nne zinazokaa juu ya nguzo hizo, mbili zinaitwa blandar na mbili pengeret. Kichwa cha nguzo kimechongwa ulimi unaopanda na kuzipitia boriti mahali zinapokutana, hivyo ulimi mmoja unazishika boriti mbili kwa pamoja. Chini kidogo ya hapo kuna vipande vingine, sunduk na kili, vinavyopenya ndani ya nguzo na kufungana humo kama vidole vya mikono miwili. Juu ya boriti hupangwa boriti nyingine, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikitokeza zaidi ya iliyo chini yake. Mpangilio huu huitwa tumpang sari, na ukisimama sebuleni ukainua macho unaona kama ngazi zilizogeuzwa juu chini, mara nyingi zimenakshiwa.

Kamba iko wapi? Paa ndilo kamba. Uzito wa vigae, makombamoyo na tumpang sari unashuka juu ya nguzo nne na kuzibana ndimi zote ndani ya matundu yake. Maadamu uzito uko juu, viungo vimekaza. Ukiuondoa, vimelegea. Ndiyo maana mafundi huanza na vigae, kisha pao, kisha makombamoyo, kisha zile kuta za mbao za kuchonga zinazoitwa gebyok, na boriti kuu huguswa mwishoni. Wakifika kwenye soko guru, vile vilivyokuwa vimeshikana kama mwamba hupakuliwa kwa nyundo ya mti.

Miguu nayo haikuzikwa ardhini. Kila nguzo inasimama juu ya jiwe lililochongwa, umpak, kama chungu kinavyokaa juu ya mafiga. Jiwe linaikinga mbao na unyevunyevu wa masika, na pia linamaanisha kwamba hakuna cha kufukua. Kila kipande kikishuka hutiwa alama ya mahali pake, na Wajava hawahangaiki kwa hili, kwa sababu hata katika mazungumzo ya kawaida mtu wa kijijini atakwambia sogea kaskazini, kikombe kiko upande wa mashariki. Nguzo ya kaskazini mashariki ni ya kaskazini mashariki hata ikiwa imelala kwenye lori.

Hapa inafaa kutahadhari. Wengi wanasema viungo hivi hufanya joglo isiangushwe na tetemeko, kwa kuwa inayumba badala ya kupasuka. Maelezo hayo yana mantiki, na nyumba za matofali zisizo na nondo ndizo zilizoua watu wengi tetemeko lilipolipiga eneo la Bantul na Yogyakarta tarehe 27 Mei 2006, ambapo walikufa zaidi ya watu 5,700. Lakini joglo nazo zilianguka siku ile, kwenye mji wa kale wa Kotagede na kwingineko. Kiungo kikishaoza, au nyumba ikishaongezewa ukuta mzito wa matofali ubavuni, hesabu ya fundi wa zamani haipo tena. Kuhamishika kwake kuna uhakika zaidi kuliko kinga yake dhidi ya tetemeko.

Nyumba inayoweza kuondoka imezaa desturi inayoruhusu iondoke. Katika sheria ya mila ya Indonesia, inayoitwa adat, ardhi ni kitu kimoja na kilichosimama juu yake ni kitu kingine, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe. Wadachi walileta sheria yao ya kiraia inayosema kinyume chake, kwamba kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi. Baada ya uhuru, Sheria ya Msingi ya Ardhi Na. 5 ya 1960 ilijengwa juu ya adat, na utengano huo ukabaki.

Unaujua uzito wa utengano huu ukisikia jinsi vijiji vya eneo la Yogyakarta vilivyozoea kuwataja watu wake. Kuli kenceng ni mwenye jaruba na kiwanja. Kuli karangkopek ana kiwanja, hana jaruba. Indung tlosor hana ardhi yoyote, ana nyumba tu, nayo imesimama kwenye kiwanja cha mwingine. Majina hubadilika ukihama wilaya, lakini daraja hilo la tatu lisingekuwapo kama nyumba ingekuwa sehemu ya ardhi. Mtu huyo ni mwenye nyumba kamili. Wakikosana na mwenye kiwanja, anaondoka na nyumba yake.

Mirathi nayo imejengeka hivyohivyo. Kanuni moja ya Wajava huitwa sepikul segendongan. Mtoto wa kiume hupata mzigo wa mzegazega, yaani vikapu viwili kwenye mti mmoja begani, na wa kike hupata mzigo wa mgongoni uliofungwa kwa kitambaa, kikapu kimoja. Mwislamu wa kwetu ataitambua hesabu hiyo mara moja. Familia nyingine hugawa sawa kwa sawa. Nyumba mara nyingi huachiwa mtoto aliyebaki kuwalea wazazi. Ndugu wakikosa kuelewana juu yake, kuna njia ya kutokea: mbao ziuzwe, fedha zigawanywe, kiwanja cha wazazi kibaki kimoja.

Na zile video za nyumba mabegani? Ni za kweli, ila ni za safari fupi, labda ya kutoka kiwanja hiki hadi kile cha ng'ambo ya njia, na mara nyingi vigae huwa vimeshushwa kwanza. Mianzi mirefu hufungwa kwenye nguzo, wanaume hupanga mabega, kiongozi huhesabu. Kazi ya kusaidiana kwenye ujenzi huitwa sambatan. Mwenye nyumba huwaomba majirani, hawalipwi, wanalishwa, na jina lake linawekwa akilini kwa zamu ijayo. Aliyekulia kwenye msaragambo hahitaji maelezo zaidi.

Siku hizi nyumba mpya za vijijini Java ni za matofali na saruji, na hizo huuzwa pamoja na kiwanja kama kwetu. Joglo zinazoondoka ni za wazee. Watoto wako Jakarta au Surabaya, wanarudi Idi el-Fitri kwa siku chache katika ule msafara mkubwa unaoitwa mudik, halafu nyumba inafungwa tena. Kigae kikivunjika hakuna wa kukibadilisha, maji yanaingia kwenye kiungo, ulimi unaoza. Anapotokea mnunuzi wa hoteli au mgahawa, jati ile ya zamani ina bei ambayo mavuno ya jaruba dogo hayawezi kuifikia. Sioni haki ya kumlaumu anayeuza. Linaloniuma ni senthong tengah, chumba cha kati cha nyuma kilichowekwa kwa ajili ya Dewi Sri, mungu wa kike, mlezi wa mpunga. Mbao zake zinapakiwa na kwenda mahali pasipo na mpunga.

Huko ziendako, mafundi hufuata mpangilio uleule kinyumenyume. Mawe manne yanapimwa na kulazwa sawa. Soko guru zinasimamishwa, kila moja upande wake wa dira. Boriti zinapandishwa, na ndimi zinaingia kwenye matundu zikiwa bado zimelegea. Kwa saa kadhaa nyumba nzima inatikisika ukiisukuma kwa mkono, mpaka vigae vinapoanza kupanda.