Anza na kadi, vichwa vitakuja baadaye

Karibu kila kikao cha kupanga maoni ninachoongoza, mtu husimama mapema na kuandika ukutani: Fedha, Wafanyakazi, Vifaa, Mawasiliano. Huwa namwomba afute. Vichwa hivyo vimetoka kwenye muundo wa ofisi, na maoni yakishapangwa humo kila moja hurudi kwenye idara yake, kama tulivyokuwa kabla ya kukutana.

Mchoro wa ukaribu, yaani njia ya kuandika maoni kwenye kadi na kuweka pamoja yanayoelekeana, huenda kinyume: makundi huzaliwa na kadi zenyewe. Mwasisi wake ni Jiro Kawakita, mwanaanthropolojia wa Japani aliyefanya utafiti Nepal na kuhitaji njia ya kupanga lundo la maandishi aliyoyakusanya huko. Wajapani huiita mbinu ya KJ, kwa herufi za kwanza za majina yake, maana kwao jina la ukoo hutangulia. Kitabu chake kuihusu kilitoka mwaka 1967.

Wazo moja, kadi moja, tena sentensi kamili. Neno "Foleni" peke yake halisemi kitu. Kadi zikishatandazwa, watu huzisogeza kimya kimya, inayoelekea nyingine huwekwa jirani yake. Ukimya huo nausimamia kwa nguvu, kwa sababu mkubwa wa kazi akianza kueleza, mikono ya wengine hurudi mifukoni.

Katika zahanati moja, mfanya usafi aliandika: "Wagonjwa huniuliza mimi maabara iko wapi." Nesi: "Majibu ya vipimo huchelewa kumfikia daktari." Mtunza kumbukumbu: "Mafaili hurudi kwangu jioni." Kwa vichwa vya yule bwana wa mwanzo, kadi hizi zingetawanyika sehemu tatu. Siku ile zilikutana, na baada ya mabishano marefu (hapo sasa kuongea ruksa) kundi likapewa jina: "Mgonjwa ndiye anayebeba taarifa zetu kutoka chumba hadi chumba." Jina la kundi nalo liwe sentensi, liseme kadi zinasema nini zikiwa pamoja.

Kadi isiyo na mwenzake iachwe ilivyo. Usiunde kundi la "Mengineyo", ndiko mambo huzikwa. Zahanati ile ilibakiwa na moja tu: "Usiku choo cha wagonjwa hakina taa." Taa iliwekwa wiki ileile.